Kadari na Hiari: Je, Mwanadamu Hulazimishwa Matendo Yake?

Katika lugha yetu ya Kiswahili yamo maneno mawili tunayoyatumia kila siku bila kuyatazama sawasawa. La kwanza ni "ajali" na la pili ni "kadari". Yote mawili yametoka katika Kiarabu, na asili zake zimo katika Kurani Tukufu. Lakini yalipofika pwani yetu yalipata maana ambazo, zisipoangaliwa, humfanya mtu amsingizie Mwenyezi Mungu jambo alilolitenda yeye mwenyewe kwa mikono yake.

"Ajali" kwa asili ni muda uliowekwa, na hasa mwisho wa uhai wa kiumbe. Kwetu sisi limekuwa jina la msiba utokeao kwa ghafula: gari limepinduka, ni ajali, chombo kimezama, ni ajali. Na kwa kuwa maana ya kwanza bado imebaki ndani ya neno, tukisema "ajali" huwa kana kwamba tumekwisha kusema kuwa jambo lile liliwekewa saa yake na hapana aliyeweza kulizuia. Ndipo husemwa kuwa ajali haina kinga, na mazungumzo yakaishia hapo.

"Kadari" nayo asili yake ni kupima. Hata Kiswahili chenyewe kimelihifadhi jambo hili. Twasema "kadiri ya uwezo", twakadiria gharama za nyumba, na kila mwaka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar hujadili makadirio ya mapato na matumizi. Maneno yote hayo ni ndugu wa tumbo moja na "kadari". Basi kadari ni kipimo alichokiweka Muumba katika kila kitu: moto kipimo chake ni kuunguza, maji kipimo chake ni kuelea juu yake kilicho chepesi na kuzama kilicho kizito. Kurani Tukufu yasema wazi kwamba kila kitu kimeumbwa kwa kipimo (54:50, kwa hesabu inayoanza na Bismillahi). Haisemi kwamba kila mtu amefungwa kamba na kuvutwa kwenda kwenye dhambi yake.

Tofauti hii si mchezo wa maneno. Yahusu roho za watu, kama tutakavyoona.

Usiku wa Septemba 2011

Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 meli iitwayo MV Spice Islander iling'oa nanga katika bandari ya Malindi, Unguja, ikielekea Pemba. Ilijaa watu na shehena. Baada ya saa sita ya usiku, kuingia tarehe 10, ikazama katika mkondo baina ya visiwa viwili, si mbali na Nungwi. Maiti walilazwa katika viwanja vya Maisara ili jamaa waje kuwatambua. Tume iliyoundwa kuchunguza msiba ule ilieleza mwezi wa Januari 2012 kwamba chombo kilibeba watu zaidi ya 2,000, hali kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua watu wapatao 600 tu. Waliokufa na waliopotea walizidi 1,500. Ni nyumba chache Unguja na Pemba ambazo hazikuguswa.

Siku zile katika matanga yalisikika maneno mengi ya subira. Aliyefiwa akasema, "Ni kadari ya Mungu, tumeipokea." Maneno hayo ni mema na yanampasa Mwislamu. Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, na moyo uliovunjika hauna pa kuegemea ila kwake. Hatumlaumu yeyote aliyeyasema, wala hatumlaumu aliyepanda meli ile ili arudi kwao baada ya sikukuu.

Lakini, ndugu msomaji, tazama jinsi neno hilohilo linavyobadilika likisemwa na mdomo mwingine. Mama aliyepoteza wanawe akisema "ni kadari," hiyo ni ibada. Mtu aliyepokea nauli ya abiria aliyezidi idadi, naye akasema "ni kadari," hiyo si ibada tena. Huko ni kujificha nyuma ya jina la Mungu. Mwenyezi Mungu aliweka kipimo: chombo cha ukubwa huu huchukua uzito huu, na kikizidishwa huzama. Hii ndiyo kadari. Kipimo kile hakikufichwa; kiliandikwa katika hati ya chombo. Aliyeamua kukivuka ni mwanadamu. Habari za siku zile zilieleza kwamba wako abiria walioona jinsi meli ilivyojaa wakakataa kupanda. Basi gatini pale palikuwapo kuchagua, na waliokuwa na madaraka ya kusema "basi, imetosha" ndio waliokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchagua.

Haikutimia hata miezi kumi na moja, tarehe 18 Julai 2012, meli nyingine, MV Skagit, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Aliyeridhika na jibu la "ajali haina kinga" mara ya kwanza, mara ya pili hana la kujifunza.

Makundi mawili yaliyokosea

Swali hili si geni katika Uislamu. Tangu karne ya kwanza ya Hijra walitokea watu waliokwenda upande mmoja na wengine upande wa pili.

Kundi la kwanza liliitwa Jabariya. Kiongozi wao mashuhuri, Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka 746, alifundisha kwamba mwanadamu hana uwezo wa kutenda lolote. Akisemwa kuwa ametenda, ni kama kusema kwamba jua limezama au jiwe limeporomoka. Fundisho la namna hii lina hatari kubwa, kwani mtawala dhalimu hustarehe sana akiambiwa kwamba dhuluma yake ni maandiko ya mbinguni, na aliyedhulumiwa huambiwa anyamaze.

Kundi la pili, lililoitwa Kadariya, lilikwenda ukingo wa pili. Miongoni mwa watu wake wa mwanzo alikuwa Ma'bad al-Juhani wa Basra. Hao walipigania uhuru wa mwanadamu, na nia yao ilikuwa kumtakasa Mwenyezi Mungu na dhuluma. Lakini katika kuvutana wako waliofika hata kukana kwamba Mungu ameyajua mambo kabla hayajatokea.

Wanavyuoni wa baadaye walitafuta njia ya katikati. Abul Hasan al-Ashari, aliyefariki karibu na mwaka 936, alisema kwamba kitendo huumbwa na Mungu lakini mwanadamu ndiye akichumaye. Wengi wa Mashafii wa Unguja wamelelewa katika fundisho hilo, na wanavyuoni wa Kiibadhi, madhehebu iliyokuja na Waomani, wako karibu nalo. Hatutaki kuingia katika mabishano ya wataalamu. Yatosha kushika jambo moja ambalo wote hawa wa katikati wamelikubali: mwanadamu ataulizwa, na haulizwi ila aliyekuwa na la kuchagua.

Mafundisho ya Kurani Tukufu

Tukiirejea Kurani Tukufu twakuta mambo manne yaliyo wazi.

Kwanza, mwanadamu ameonyeshwa njia, kisha ni juu yake kushukuru au kukufuru (76:4). Anayetaka aamini, na anayetaka akatae (18:30).

Pili, Mwenyezi Mungu haibadilishi hali ya watu mpaka wao wenyewe wabadilishe yaliyomo nafsini mwao (13:12). Kama kila jambo lingekuwa limekwisha kulazimishwa, aya hii isingekuwa na maana.

Tatu, udhuru wa kadari umekwisha kutolewa zamani na umekwisha kukataliwa. Washirikina walisema kwamba lau Mungu angalitaka wasingalishirikisha. Jibu walilopewa ni kwamba wanafuata dhana tu na hawana elimu yoyote ya kuonyesha (6:149).

Nne, hata Shetani hataukubali udhuru huo. Siku ya hukumu atawaambia wafuasi wake kwamba hakuwa na mamlaka juu yao. Aliwaita tu nao wakamwitikia, basi wasimlaumu yeye bali wajilaumu wenyewe (14:23). Ni jambo la kuzingatia hapa kwetu, ambako kosa likitendeka si mara moja husikia, "Shetani alinipitia." Huenda kweli alipita. Lakini aliyefungua mlango ni nani?

Bonde lenye pande mbili

Katika ukhalifa wa Seyidna Umar r.a., karibu na mwaka 639, tauni ilizuka Shamu. Khalifa alikuwa safarini kwenda huko, na alipofika mahali paitwapo Sargh, majemadari wakampokea kwa habari ya maradhi hayo. Akawataka shauri masahaba, kundi baada ya kundi, kisha akaamua kurudi Madina. Abu Ubaida r.a. akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Seyidna Umar akajibu kwamba naam, anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Kisha akampigia mfano: mtu mwenye ngamia akishuka katika bonde lenye pande mbili, moja yenye majani na moja kavu, akiwalisha penye majani amewalisha kwa kadari ya Mungu, na akiwalisha penye ukame pia ni kwa kadari ya Mungu.

Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf r.a., akaeleza kwamba alimsikia Mtume Mtukufu s.a.w. akifundisha kuwa maradhi yakiwa katika nchi msiingie, na yakiwakuta mlipo msitoke kwa kuyakimbia.

Jibu hili limebeba elimu yote. Pande mbili za bonde haziumbwi na mchungaji. Majani si yake na ukame si wake. Lakini kuwapeleka ngamia huku au kule ni kazi yake, na wakifa njaa hatasema bonde limewaua.

Watu wa Unguja wanaujua mfano huu kwa namna nyingine. Mwanamke alimaye mwani Paje au Jambiani hakuweka bamvua wala maji mafu. Maji hupwa kwa siku zake na kujaa kwa siku zake. Hata hivyo yeye huzihesabu siku, na bamvua ikifika hushuka pwani na kamba zake. Nahodha wa jahazi naye hakuumba kusi wala kaskazi, lakini tanga na usukani vimo mikononi mwake. Upepo ni kadari, na usukani ni hiari. Chombo hakisafiri kwa kimoja peke yake.

Tena yako mambo mengi yaliyodhaniwa kuwa kadari isiyoepukika, kisha yakadhihirika kuwa ni kipimo kilichongojea kujulikana. Kwa vizazi vingi homa ya malaria iliwaua watoto wa Unguja na Pemba, na wazazi wakasema wamejaaliwa hivyo. Tangu 2003 Zanzibar ikaanza kutumia dawa mseto, kisha vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumba. Baada ya miaka michache, kati ya watu 100 waliopimwa hakukutwa hata mmoja, kwa wastani, mwenye vimelea. Mungu hakubadilika. Watu walitoka upande mkavu wa bonde wakaenda upande wenye majani.

Aliyechagua ni nani?

Hapa yatupasa tuangalie sana, maana fundisho la hiari nalo likitumiwa vibaya huwa ukatili. Wako watu wakimwona maskini husema, "Amejitakia." Hilo si kweli daima. Mtu hachagui wazazi wake, wala mwaka wa kuzaliwa, wala afya ya mwili wake.

Pita Mkunazini, katika Mji Mkongwe, mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa kwa mkataba wa Juni 1873 baina ya Sultani Barghash na Uingereza. Aliyeletwa pale kutoka bara hakuchagua kuletwa. Kwake yeye ulikuwa msiba usio na mlango. Lakini aliyemteka alichagua, aliyemsafirisha alichagua, aliyemnunua alichagua. Na mwaka 1897 hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja na Pemba, ilibainika kwamba jambo lililodhaniwa kuwa ni maumbile ya dunia lilikuwa limesimama juu ya hiari za watu.

Hii ndiyo kanuni, ndugu msomaji, tunayokuomba uishike: mara nyingi kile kilichompata mtu bila kuchagua ni kile ambacho mwenzake alikichagua. Abiria aliyelala chini ya sitaha hakuchagua kuzama, bali yuko aliyechagua kujaza. Kwa hiyo kabla hatujasema "ni kadari," tuulize kwanza: katika jambo hili nafasi ya kuchagua ilikuwa mikononi mwa nani? Tukiuliza hivyo, aliyeonewa hatutamwongezea lawama, na mwenye kosa hatutampa pazia.

Aliyefungwa na unga

Tuje kwenye jambo lililo gumu kuliko yote. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo wamo vijana wetu waliotekwa na unga, yaani heroini. Watu huwaita mateja. Kijana wa namna hii huweza kuapa asubuhi kwa machozi kwamba ameacha, na jioni arosto ikimshika, mwili ukauma na kutetemeka, akaiba hata sufuria la mama yake. Je, huyu naye ana hiari?

Jibu la haki ni kwamba hiari yake imepungua, lakini haikufa. Mara ya kwanza mlango ulikuwa wazi upana wake wote; kila alipopita ukazidi kuwa mwembamba, mpaka umebaki ufa. Madawa yale hubadilisha ubongo wenyewe, hata nia ya kuacha ikakosa nguvu ya kushindana na uchu. Kumwambia "acha tu" ni kama kumwambia mwenye mguu uliovunjika akimbie. Ndiyo maana tangu 2015 hospitali ya Kidongo Chekundu imekuwa na kliniki ya methadoni, na kabla ya hapo zilianza nyumba za kupata nafuu, ziitwazo soba hausi, wanamoishi walioacha pamoja na wanaojaribu kuacha. Humo husaidiwa kwa dawa, kwa ratiba na kwa ndugu wenzao, mpaka ule ufa upanuke tena.

Tazama, basi, jinsi hukumu ya Mungu ilivyo ya uadilifu. Hamkalifishi mtu ila kwa kadiri ya uwezo wake (2:287). Mtume s.a.w. alifundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, kwa mtoto mpaka abaleghe, na kwa mwenda wazimu mpaka apate akili. Kwa hiyo kila mmoja hupimwa kwa upana wa mlango wake. Teja aliyejikokota siku moja mpaka kliniki huenda mbele ya Mungu ametenda jambo kubwa kuliko sisi tuliosali rakaa nyingi bila taabu. Na aliyemuuzia unga, mwenye akili timamu na mkono usiotetemeka, yeye mlango wake ulikuwa wazi kabisa.

Maswali na majibu

Swali: Kama Mungu amekwisha kujua nitakayoyatenda, nitawezaje kutenda kinyume?

Jibu: Kujua si kulazimisha. Mama humjua mwanawe. Akiacha embe mezani ajua kwamba yule mdogo atalichukua na yule mkubwa ataomba ruhusa. Ujuzi wake haukuusukuma mkono wa yeyote. Ujuzi wa Mwenyezi Mungu hauna mfano, lakini nao hufuata hali ya jambo lilivyo; atujua tukichagua kwa sababu ndivyo tutakavyochagua.

Swali: Je, Kurani haisemi kwamba Mungu ameumba ninyi na mnayoyafanya (37:97)?

Jibu: Yasomwe maneno yaliyotangulia. Nabii Ibrahimu a.s. alikuwa akisema na watu wanaoabudu vitu walivyovichonga wenyewe. Vilivyotajwa ni masanamu waliyoyafanya kwa mikono yao: mti na jiwe lake ni vya Mungu. Aya hii yawakemea waabudu masanamu. Ingewezaje kuwapa udhuru?

Swali: Kama yote yamekwisha kuandikwa, amali ni za nini?

Jibu: Masahaba walimuuliza Mtume s.a.w. swali hilihili, kama wasitegemee yaliyoandikwa wakaacha kutenda. Akawaamrisha watende, kwani kila mmoja hufanyiwa wepesi katika lile aliloumbiwa. Hakuwaruhusu kuketi. Na yule aliyeuliza kama amfunge ngamia au amwache na kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kisha ategemee.

Swali: Wataalamu wa siku hizi wasema ubongo huamua kabla ya mtu kujua. Je, si mwisho wa hiari?

Jibu: Mwaka 1983 Benjamin Libet na wenzake, huko California, walieleza majaribio ambamo watu walikunja mkono wakati wowote walipopenda. Vyombo vilionyesha ubongo ukijiandaa yapata theluthi moja ya sekunde kabla mtu hajahisi kusudio lake. Lakini Libet mwenyewe alisema kwamba baada ya kuhisi, mtu hubaki na nafasi ya kujizuia. Na wengine baadaye wamekitafsiri kipimo kile kwa njia nyingine. Tena kukunja mkono si sawa na kuamua, tangu jioni mpaka usiku, kuendelea kupakia meli iliyojaa. Mtume s.a.w. alifundisha kwamba umma wake umesamehewa yapitayo moyoni maadamu hayajasemwa wala kutendwa. Wazo hubisha hodi bila kuitwa. Kulikaribisha ndani ndiko kunakoulizwa.

Mwisho

Ndugu msomaji, katika yaliyokwisha kutupata, na hatuna uwezo wa kuyarudisha, tuseme ni kadari, tusubiri, tuwaombee waliotangulia. Katika yaliyo mbele yetu, na yamo katika uwezo wetu, tusilitaje neno hilo mpaka tumekwisha kufanya wajibu wetu wote. Mwenye chombo ahesabu abiria. Dereva akague breki. Mzazi aulize mwanawe alikuwa wapi jana usiku. Nawe abiria, ukiona chombo kimejaa, rudi nyumbani usafiri kesho. Hutakuwa umeikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, bali utakuwa umetoka katika kadari yake moja na kuingia katika nyingine iliyo bora.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliopotea baharini, awape nguvu vijana wetu waliofungwa, na atujaalie sisi tulio na hiari tuitumie kabla haijaondolewa mikononi mwetu. Amin.